Maswali ya Wasomaji: Deki ya Trekta Inapokata Nyasi kwa Ngazi

SWALI: Trekta langu ni dogo, na deki ya kukatia nyasi imefungwa tumboni, kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Ina visu vitatu. Kila nikipita, nyasi za upande wa kulia zinabaki fupi kuliko za kushoto, na pale mapito mawili yanapokutana kunabaki ngazi inayoonekana kwa mbali. Nimeweka pimamaji juu ya deki, ikaonyesha iko sawa. Kosa liko wapi?

JIBU: Pimamaji iweke kando. Bati la juu la deki halikati nyasi. Zinazokata ni ncha za visu. Bati linaweza kukaa sawa huku kisu kimeshuka, au likawa limejikunja kidogo kwa kugonga visiki na mawe. Kipimo cha kuaminika ni cha kutoka ncha ya kisu hadi sakafuni.

Lakini kabla ya kushika spana, angalia upepo wa matairi. Deki imening'inia kwenye fremu, na fremu inabebwa na matairi. Tairi moja la nyuma likipungua upepo, upande wake wote unashuka na kisu kinashuka nao. Jaza kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha trekta, kulia na kushoto sawasawa, ukitumia geji ileile kwa matairi yote. Macho hayatoshi hapa. Malalamiko mengi ya deki iliyolala upande huishia kwenye hatua hii, na anayeikimbia hujikuta amerekebisha deki ili ifuate tairi lililolegea.

Upepo ukiwa sawa na ngazi bado ipo, egesha trekta kwenye sakafu ngumu iliyonyooka. Vuta breki ya kuegeshea, tenga PTO (shafti ya trekta inayopeleka nguvu ya injini kwenye visu), zima injini, chomoa ufunguo, na usisogee karibu mpaka visu vimesimama kabisa. Kwa injini ya petroli chomoa na waya wa plagi. Kwa dizeli fungua waya wa hasi wa betri. Vaa glavu nene. Shusha deki hadi kimo unachokatia siku zote, kisha pandisha magurudumu madogo ya deki yasiguse sakafu, ili deki ining'inie kwenye mikono yake yenyewe. Ukipima wakati imekaa juu ya magurudumu hayo, utakuwa unapima magurudumu.

Sasa zungusha visu vya pembeni kwa mkono vielekee kulia na kushoto. Pima kutoka ncha ya nje ya kisu cha kushoto hadi sakafuni, kisha ya kisu cha kulia. Rula ishike kwenye makali, si kwenye bawa lililoinuka nyuma yake. Tofauti isizidi milimita 3. Ikizidi, chagua upande mmoja tu wa kurekebisha na ule mwingine uuache kama kigezo. Legeza nati ya kufungia kwenye mkono unaoning'iniza deki, zungusha nati ya kurekebishia nusu mzunguko, kaza, pima tena. Kila baada ya kurekebisha, inua deki kwa liva na uishushe upya kabla ya kupima, kwa sababu viungo hukwama kidogo na deki haikai mahali pake mpaka itikiswe. Wengi hapa ndipo wanapozungushwa saa nzima: vipimo vinabadilika ovyo, kumbe ni pini kavu isiyo na grisi.

Ukimaliza kulia na kushoto, geukia mbele na nyuma. Elekeza visu mbele na nyuma. Kwenye deki nyingi za visu vitatu, kisu cha kati hutangulia, kwa hiyo mbele pima ncha yake, na nyuma pima ncha za visu vya pembeni. Mbele panatakiwa kuwa chini kuliko nyuma kwa milimita 3 hadi 6. Kitabu cha deki yako kikitaja kipimo kingine, fuata kitabu. Sababu ni hii: kisu kikishuka mbele, kinakata jani mara moja, na kinapozunguka kurudi nyuma kinapita juu ya lililokwisha kukatwa. Nyuma pakiwa chini, jani linakatwa mara mbili, injini inabeba mzigo usio na faida, na ncha za nyasi zinachanika na kugeuka kahawia.

Mwisho rudisha magurudumu madogo, yakae milimita 6 hadi 13 juu ya ardhi katika kimo chako cha kukatia. Kazi yake ni kuinua deki inapokutana na kichuguu isikwangue udongo, si kubeba uzito muda wote. Deki chache zimeundwa zitembee juu ya magurudumu hayo, na hizo hurekebishwa kwa kufuata kitabu chake.

SWALI: Deki iko sawa kwa vipimo vyote, lakini katikati ya visu viwili unabaki mstari mwembamba wa nyasi zilizosimama.

JIBU: Visu hupishana kwa sentimita chache tu, na ncha zikilika hadi kuwa duara, upana huo wa kupishana unapotea. Linganisha ncha na kisu kipya. Kama visu bado vizima, tazama mwendo. PTO ya katikati kwenye matrekta madogo mengi hutakiwa kuzunguka kama mara 2,000 kwa dakika, na injini iliyopunguzwa mafuta haifikishi. Bawa la kisu ndilo linalovuta hewa na kusimamisha nyasi. Likizunguka polepole, nyasi hulala na kisu kinapita juu yake. Weka injini kwenye alama ya PTO, kisha punguza gia ya kutembelea. Mkanda uliolegea au uliong'aa pembeni huleta dalili hiyohiyo kwa sababu unateleza.

Pima pia kama kuna kitu kimepinda. Pima ncha moja ya kisu hadi sakafuni, zungusha kisu nusu duara, pima ncha ya pili ikiwa mahali palepale. Tofauti ikizidi milimita 3, kisu au shafti yake imepinda. Funga kisu kipya, rudia. Tofauti ikibaki, ni shafti. Kisu kilichopinda usikinyooshe kwa nyundo. Chuma hicho huchoka, na siku kitakapokatika kitatoka chini ya deki kama risasi.

SWALI: Ninoe visu kwa kiasi gani?

JIBU: Mpaka makali yarudi, basi. Fuata mteremko wa kiwandani, ambao mara nyingi uko karibu na nyuzi 30, na uache ukingo wenye unene kidogo. Ukiunoa kama wembe utajikunja kwenye jiwe la kwanza. Kwa grenda, simama kidogo kila mara: chuma kikigeuka bluu kimepoteza ugumu wake. Kisha ning'iniza kisu kwenye msumari kwa tundu la katikati. Upande unaoshuka ndio mzito, unoe zaidi huo, lakini bawa usiliguse. Kisu kisicho na mizani hutikisa deki na kumaliza beringi. Ukiona ufa, au chuma kimekuwa chembamba pale bawa linapoanzia, kitupe.

Wakati wa kufungua bolti, zuia kisu kwa gogo la mbao, na deki iliyoinuliwa iegemee stendi, kamwe si haidroliki peke yake. Wakati wa kurudisha, bawa litazame juu, kuelekea bati la deki. Kaza bolti kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu.

SWALI: Matunzo ya kawaida ni yapi?

JIBU: Kwangua nyasi zilizoganda chini ya deki kwa kipande cha mbao. Zinaziba njia ya hewa, na unyevu wake unakula bati. Ukitumia maji, usielekeze mpira wenye presha kwenye beringi, na baada ya kuosha washa visu dakika chache vikauke. Grisi ya shafti za visu weka kwa ratiba ya kitabu, pampu chache tu, kwani ikizidi husukuma sili nje na kufungua njia ya vumbi. Giaboksi ya deki nyingi hutumia oili ya gia ya daraja la 80W-90. Angalia kimo chake deki ikiwa imelala sawa, na oili ya kwanza kwa kawaida hubadilishwa baada ya saa 50 za kazi. Mwishowe zungusha kila kisu kwa mkono, mkanda ukiwa umelegezwa. Ukihisi mikwaruzo au mchezo wa juu na chini, badilisha beringi kabla ya msimu, kwa sababu deki yenye beringi iliyolegea haishiki kipimo chochote utakachoiwekea.