Pearl Jam: Wenyeji wa Seattle au Watu wa Kuja?

Maswali ya wasomaji kuhusu muziki. Anajibu Shangazi, Iringa.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niko Mafinga, nafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Jioni tukishafunga mashine tunakaa na wenzangu tunasikiliza roki ya miaka ya tisini kwenye simu. Mwenzetu mmoja, mtu wa Mbeya, anashikilia kwamba bendi ya Pearl Jam si granji ya kweli, ile roki ya mkwaruzo ya Seattle, Marekani. Anasema mwimbaji wao aliagizwa kutoka California, walibebwa na kampuni kubwa, na Kurt Cobain wa Nirvana mwenyewe aliwakana hadharani. Kwake yeye, watoto halisi wa Seattle ni Nirvana. Mimi nampenda sana huyo mwimbaji, Eddie Vedder, ila nimekosa la kujibu, na sasa kila siku nachekwa. Tuamulie. (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo mwenzako kakubana kwa sababu kila hoja yake ina ukweli ndani. Tatizo ni kwamba kazichanganya, nawe ukajaribu kuzijibu kwa mkupuo.

Anza na uzawa, maana hapo atajikwaa mwenyewe. Nirvana si watu wa Seattle. Kurt Cobain na Krist Novoselic waliianzisha bendi yao mwaka 1987 huko Aberdeen, mji wa magogo na mbao ulio kusini-magharibi mwa Seattle, kilomita kama 170. Cobain alipouhama mji huo hakwenda Seattle, alikwenda Olympia, makao makuu ya jimbo la Washington, akaishi huko hadi 1991. Mpiga dramu wao Dave Grohl, aliyejiunga 1990, alikulia Virginia, upande wa pili kabisa wa Marekani. Na albamu iliyowapa dunia, Nevermind, ilirekodiwa Van Nuys. Van Nuys iko wapi? California! Wakati huohuo Ten, albamu ya kwanza ya Pearl Jam, ilirekodiwa katika studio ya London Bridge, pembezoni mwa Seattle. Mwulize bwana wa Mbeya kama bado anataka kuitumia California kuwa kosa.

Sasa shika jina hili: Green River. Nikiona mtu anabishana kuhusu granji na hajawahi kulitaja, najua kaanzia mwisho wa hadithi. Ni bendi ya Seattle iliyoanza 1984. Mwimbaji alikuwa Mark Arm, mpiga gitaa Steve Turner, na kwenye besi alikaa Jeff Ament, kijana aliyekuja mjini kutoka Montana. Baadaye akaingia mpiga gitaa wa pili, Stone Gossard, mzaliwa wa Seattle. Ament na Gossard ndio haohao walioiunda Pearl Jam. Mwaka 1986 ilitoka santuri ya mkusanyiko iitwayo Deep Six yenye bendi sita za mkoa ule: Green River, Soundgarden, Melvins, Malfunkshun, Skin Yard na U-Men. Nirvana walikuwa hawajaanza. Mwaka uliofuata Green River wakatoa Dry as a Bone kupitia Sub Pop, lebo changa ya Bruce Pavitt, naye pia mtu wa kuja kutoka Illinois, na tangazo la santuri hiyo ndilo lililowanadi kwa neno granji. Waliobandikwa jina mapema kabisa walikuwa hao, Ament na Gossard wakiwemo.

Mimi Green River niliwasikia kwenye kaseti iliyoachwa na mwalimu mmoja wa kujitolea alipokuwa anarudi kwao. Siku hizo nilikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti Miyomboni. Nilipoiweka, mteja aliyefuata kwaya yake aliniuliza kama hedi ya redio imechafuka. Nikamwambia hapana, wanapiga hivyo kwa makusudi. Hakuniamini, alichukua kaseti yake ya kwaya akaenda kurekodi kwingine.

Kwa hiyo, wa kuwatilia shaka si Ament na Gossard. Lakini hapa ndipo hoja ya pili ya mwenzako, ile ya fedha, inapopata mguu, na ni ya zamani kuliko Vedder. Mwaka 1987 Green River walikwenda kupiga Los Angeles. Orodha ya wageni wanaoingia bure, Ament aliijaza watu wa makampuni ya kurekodi. Mark Arm alitaka waingie marafiki zake. Ament alitaka muziki umlipe kodi ya nyumba, Arm aliona aibu hata kulisema jambo hilo. Bendi ikavunjika muda mfupi baadaye. Arm na Turner wakaanzisha Mudhoney, wakaanza na Sub Pop, na mpaka leo ukitaka granji isiyochujwa, hao ndio. Ament na Gossard wakamchukua Andrew Wood wa Malfunkshun wakaunda Mother Love Bone na kusaini na PolyGram. Tangu hapo wakaandikwa kuwa ni watu wa pesa.

Haya, na nani hakusaini? Soundgarden walikwenda A&M. Alice in Chains walisaini na Columbia mwaka 1989. Nevermind ilitoka kwenye lebo ya Geffen tarehe 24 Septemba 1991. Ten ilikuwa imetoka kwa Epic tarehe 27 Agosti, wiki nne tu kabla. Kama kula meza moja na kampuni kubwa kunamtoa mtu ukoo, basi ukoo wote umekwisha.

Twende kwa Vedder wako. Andrew Wood alifariki Machi 1990 kwa heroini, akiwa na miaka 24, na albamu ya Mother Love Bone ilikuwa bado haijatoka. Gossard akarudi kwenye gitaa, akamwita mpiga solo Mike McCready, wakarekodi miziki isiyo na maneno. Aliyewapigia dramu kwenye rekodi hizo ni Matt Cameron wa Soundgarden. Sikiliza hapo: bendi ya jirani inakopesha mpiga dramu bila mkataba wala kelele. Kaseti ikapitia kwa mpiga dramu Jack Irons, aliyewahi kupiga na Red Hot Chili Peppers, ikamfikia kijana wa San Diego, California, aliyekuwa akifanya zamu za usiku kwenye sheli. Kijana akaisikiliza, akaenda baharini kuteleza kwenye mawimbi, maneno yakamjia humohumo majini. Aliporudi aliimba juu ya ile miziki, akaitia kaseti posta. Mmojawapo wa nyimbo hizo ni Alive. Oktoba 1990 akapanda ndege kwenda Seattle, na tarehe 22 ya mwezi huo wakapiga shoo yao ya kwanza kwenye ukumbi wa Off Ramp, wakijiita Mookie Blaylock, jina la mchezaji wa mpira wa kikapu. Jezi yake ilikuwa namba 10. Sasa unajua Ten imetoka wapi.

Ni kweli basi, mwimbaji aliagizwa. Lakini tazama alivyopokewa. Chris Cornell wa Soundgarden alikuwa akiishi nyumba moja na marehemu Wood, akatunga nyimbo za kumlilia. Akawaita Ament, Gossard, McCready na Cameron, wakaunda Temple of the Dog. Kwenye mazoezi ya Hunger Strike, Cornell alikuwa anahangaika na sehemu mbili za sauti peke yake. Vedder, mgeni mwenye siku chache mjini, akasogea kwenye maiki akaimba ile sehemu ya chini. Cornell akaona ndiyo yenyewe, akamwachia. Albamu hiyo ilitoka Aprili 1991, kabla ya Ten. Huo ndio ushahidi wangu mkubwa, mwanangu, na ndio utakaoupeleka kiwandani: wafiwa walimpa mgeni nafasi ya kuimba msibani kwao. Baada ya hapo mtu wa Mbeya, au Iringa, au Cobain kutoka Olympia, anapata wapi kauli ya kumtoa? Dk. Remmy Ongala alizaliwa Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kuimba na Orchestra Makassy. Nitajie Mtanzania atakayesimama leo aseme Remmy hakuwa wetu.

Kuhusu Cobain, aliwasema kweli, na aliwasema vibaya: kwamba ni roki ya kibiashara iliyovaa nguo za watu wa chini. Elewa alikotokea. Olympia ilikuwa ngome ya lebo ndogo ya K Records ya Calvin Johnson, watu waliokuwa wanaona fahari kurekodi kwa vifaa duni na kuuza mkono kwa mkono. Cobain alichora nembo ya K mkononi. Halafu yeye mwenyewe akawa kwenye lebo ya Geffen, akiuza mamilioni. Mimi naona ule mdomo kwa Pearl Jam ulikuwa na donge la kujisuta. Septemba 1992, kwenye tuzo za MTV, mpiga gitaa Eric Clapton akiwa jukwaani, Cobain na Vedder walikumbatiana wakacheza taratibu chini ya jukwaa. Cobain akasema baadaye kwamba mtu mwenyewe anampenda, bendi ndiyo bado. Mwenzako anukuu yote mawili.

Na wale “watu wa pesa” walifanya nini pesa zilipokuja? Wakaacha kutengeneza video kwa miaka kadhaa, na mwaka 1994 wakaishitaki Ticketmaster, kampuni ya kuuza tiketi, kwa serikali ya Marekani kwa kupandisha bei za tiketi. Gossard na Ament walikwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Uchunguzi ukafungwa mwaka uliofuata bila wao kushinda.

Sasa nitakukata kidogo, maana umeniomba niamue, hukuniomba nikushangilie. Kwenye mlio, mwenzako anakuzidi. Weka Mudhoney, kisha weka Ten. Mudhoney wanakwaruza na kujikwaa, nyimbo fupi, sauti inazomea. Ten ina solo ndefu za McCready zenye harufu ya roki ya viwanja vikubwa ya miaka ya sabini, na mwangwi mwingi mno, mpaka bendi yenyewe ikachoka nao na mwaka 2009 ikatoa toleo lililochanganywa upya na mtayarishaji Brendan O'Brien. Kwa hiyo hukumu yangu: kwa watu wake, Pearl Jam ni wa Seattle kuliko Nirvana. Kwa mlio, ni granji nusu. Soda mgawane.

SWALI: Shangazi, nauza mitumba Mwanjelwa, Mbeya. Vijana wananiulizia mashati mazito ya drafti, wanasema ni ya granji. Hao wanamuziki waliyavaa kwa mitindo? (Mama Mitumba)

JIBU: Waliyavaa kwa baridi, na kwa kuwa yalikuwa rahisi kwenye maduka yao ya mitumba. Ni mashati ya wakata magogo. Mitindo ilikuja nyuma: mwishoni mwa 1992 mbunifu Marc Jacobs aliyapandisha jukwaani New York kwa jina la kampuni ya mavazi ya Perry Ellis, kwa bei ya kutisha, na kibarua chake kikaota nyasi. Wewe uza tu, dada yangu. Mwezi wa saba Uyole hakuna atakayekuuliza historia.

SWALI: Shikamoo. Napiga gitaa kwaya ya vijana, Njombe. Nitaupataje ule mkwaruzo wa granji kwa gitaa la kawaida? (Mpiga Solo)

JIBU: Marahaba. Mudhoney walitumia pedali mbili, Super-Fuzz na Big Muff, na mwaka 1988 wakaziunganisha kuwa jina la santuri yao. Huna pedali? Kwenye amplifaya pandisha geini mpaka karibu na mwisho, volyumu ishushe sana. Kisha legeza uzi mnene kabisa kutoka E hadi D. Hapo kidole kimoja kikilala juu ya nyuzi tatu nene kinakupa kodi (chord) nzito, kama walivyofanya Melvins na Soundgarden. Fanya mazoezi hayo katikati ya wiki, mlango umefungwa, na ukimaliza rudisha uzi kwenye E kabla ya Jumapili. Spika ikipasuka utaulizwa wewe. Ni mali ya usharika.