Mume Wangu Amezaa Nje, Sasa Anataka Kunipunguzia Matunzo

Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tulifunga ndoa kanisani, na miaka mitatu iliyopita mahakama ilitoa amri ya kutengana. Iliamuru atupe mimi na watoto wetu wawili shilingi 350,000 kila mwezi, naye amekuwa akizituma kwa simu. Sasa amezaa na mwanamke anayeishi naye, na juzi ameniandikia kwamba kuanzia mwezi ujao atatuma nusu kwa kuwa ana kichanga. Majirani wanasema yule mwanamke naye ni mke, kwa sababu wameishi pamoja zaidi ya miaka miwili. Je, ana haki hiyo? Nimefikiria kumzuia asiwaone watoto mpaka atume fedha zote.
Mama wa Wawili, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa hofu uliyo nayo. Mumeo hana mamlaka ya kujipunguzia mwenyewe kiasi kilichoamriwa na mahakama. Amri hiyo inasimama kama ilivyoandikwa mpaka mahakama iibadilishe, na kila shilingi atakayoipunguza kabla ya hapo itabaki kuwa deni lake kwenu.

Hata hivyo, sitakuficha kwamba mtoto huyo ana uzito mbele ya hakimu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu mahakama kubadilisha amri ya matunzo pale hali ya wahusika inapobadilika kwa kiasi kikubwa, na mumeo anaweza kudai kwamba kuzaliwa kwa mtoto ni badiliko la namna hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimbagui mtoto kwa kuwa kazaliwa nje ya ndoa, tena inaitaka mahakama inapopanga matunzo ya watoto iangalie pia majukumu ya mzazi kwa watoto wake wengine. Kwa hiyo usiende kusema kwamba kichanga hicho hakistahili kitu, kwa maana kina haki kwa baba yake sawasawa na wanao.

Lakini mtoto kuzingatiwa hakumaanishi kwamba ninyi mpokonywe nusu. Matunzo ya mke hupimwa hasa kwa uwezo na mahitaji ya pande zote mbili, hivyo mumeo atapaswa kuonyesha mapato yake yote, pamoja na yale ya nje ya mshahara, na kueleza ni kiasi gani hasa kimeongezeka katika matumizi yake kwa sababu ya mtoto. Kodi ya nyumba angeilipa hata kama mtoto asingezaliwa. Mama wa mtoto naye ni mzazi mwenye wajibu wa kumtunza mwanawe, na ni haki kuuliza yeye anachangia nini. Kipimo hichohicho kitakugusa na wewe: kama umeanza biashara tangu amri itolewe, liseme jambo hilo waziwazi.

Itazame nakala ya amri yako uone kama imetenganisha fungu lako na la watoto. Ikiwa kiasi kimeandikwa kwa jumla, omba kitenganishwe, kwa sababu kwa maoni yangu fungu la mke ndilo litakaloshambuliwa kwanza, na isiwe rahisi kuligusa la watoto kwa mlango huohuo.

Kuhusu maneno ya majirani, ni kweli sheria ina dhana ya ndoa kwa watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika kama mume na mke, lakini dhana hiyo hukanushika, yaani inaweza kupingwa kwa ushahidi. Amri ya kutengana imewaondolea wajibu wa kuishi pamoja, haikuivunja ndoa yenu, na maadamu ndoa hiyo ya mke mmoja ipo, mumeo hawezi kuoa mwingine. Asije akadai kwamba ana wake wawili wa kutunza.

Kuwazuia watoto wasimwone baba yao, tafadhali usithubutu. Haki yao ya kuwa naye haiuzwi kwa fedha za matunzo, na kosa hilo ndilo atakalolipeleka mahakamani dhidi yako.

Omba taarifa ya miamala ya simu yako na uhifadhi ujumbe wake. Mwezi wa kwanza atakapotuma pungufu, nenda katika mahakama iliyotoa amri ukaombe kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa, wala usisubiri deni lirundikane. Ukikosa fedha za wakili, watafute TAWLA, chama cha wanasheria wanawake Tanzania, au wasaidizi wa kisheria walio karibu nawe. Kwa sasa mjibu kwa maandishi: “Nimeupata ujumbe wako. Kiasi kilipangwa na mahakama, na ukiona hukimudu, peleka maombi hukohuko. Mpaka itakapoamua vinginevyo, nategemea shilingi 350,000.” Usiongeze neno lolote juu ya yule mwanamke wala mtoto, kwa kuwa ujumbe huo huenda ukasomwa na hakimu.