Shangazi, mke wangu chumbani ni gogo

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, ni dereva wa bodaboda, naishi Mbagala. Nimeoa miezi 8 iliyopita. Mke wangu mzuri, hana makuu, ila chumbani ni gogo. Mimi mambo nayajua, nasoma chombezo, zile hadithi za mapenzi za kwenye simu, miaka mingi. Nimemtumia na yeye kwenye simu ajifunze, hafungui. Usiku nikimgusa ananiambia amechoka. Asubuhi anauza vitumbua. Ndugu zangu wanasema hakufundwa. Nimrudishe kwao wakamfunde?*

Marahaba, mwanangu. Pole. Pole yenyewe ndiyo hiyo, nimeimaliza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote jicho likasimama kwenye neno ulilolipitia mbio kama bodaboda aliyemwona trafiki: vitumbua. Mimi nimeuza vitumbua. Mchele unauloweka jana yake, unausaga, unaumua, na saa 10 alfajiri uko jikoni unageuza kimoja kimoja, macho yanawasha. Wewe na bodaboda yako unarudi saa ngapi? Saa 6 usiku? Hesabu mwenyewe mwenzio analala saa ngapi. Halafu unamwita gogo. Gogo haliamki saa 10.

Sasa hizo chombezo. Usidhani sizijui. Saluni ninakosukwa, wasichana wanasomeana kwa sauti: sehemu za mwanzo bure, utamu ukikolea utume elfu kwenye simu ya mwandishi. Nimesikiliza, nimecheka, sijafa. Mle ndani hakuna mwanamke mwenye usingizi. Hakuna aliye kwenye siku zake, hakuna anayeshika mimba, wala anayeuliza kondomu iko wapi. Chumba kina kiyoyozi na jirani hasikii kitu. Hayo nayasamehe. Hata bibi alitusimulia sungura kaongea na simba, na hakuna kati yetu aliyekwenda porini kumsalimia simba.

Moja silisamehe. Mle, mwanamke akisema "hapana", mwandishi anakwambia alikuwa anajivunga tu. Mistari mitatu mbele, hapana imekuwa ndiyo. Kijana akilisoma hilo miaka na miaka, sikio linakufa. Akija kuambiwa "nimechoka" na mke wa kweli, anasikia kwamba mke ana kasoro.

Kuhusu kufundwa, ndugu zako wana nusu ya ukweli. Mimi nilichezwa, na sikudanganyi kwamba unyago wote ulikuwa asali. Tulifundishwa pia kuvumilia yasiyovumilika. Lakini mwalimu alikuwa mtu. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, wanawake wa kwao walimjua pia kwa unyago. Siku 7 za fungate, kungwi yuko chumba cha pili, kukiwa na jambo unamfuata. Chombezo ukiiuliza swali inakujibu ITAENDELEA.

Na wewe nani alikufunda? Vijana wa siku hizi mnatahiriwa hospitali, wiki mbili mko uwanjani mnacheza mpira, hakuna mzee aliyekaa na nyie kuwaambia neno. Mkeo akirudishwa kwao kufundwa, wewe turudishe wapi?

Ndoa za sasa nazo! Watu wawili godoro moja, kila mmoja uso unamwaka mwanga wa simu, halafu asubuhi mnalalamika mapenzi yamepoa.

Kumrudisha sahau. Acha kumtumia hayo makaratasi ya simu, hakuolewa na mwandishi huyo. Kesho amka naye saa 10, mkunie nazi, umwashie jiko. Ukipata siku ya kupumzika, muulize yeye anapenda nini na hapendi nini, kisha unyamaze mpaka amalize. Usimsahihishe kwa ulichosoma. Jibu lake halitakuja siku ya kwanza, maana na yeye alilelewa kuona aibu kulisema.

Ila kuna kitu hukukiandika. Unasema ukimgusa anakwambia amechoka. Hapo umeweka nukta, ukarukia vitumbua. Baada ya kuambiwa hivyo ulifanya nini? Uligeuka ukalala, au uliendelea kama wale wa kwenye simu yako? Niandikie hilo. Na yeye mpe anwani yangu aniandikie ya kwake.