Mgonjwa wa kiharusi mtafutie nyimbo zake

Ukiwa na mgonjwa wa kiharusi nyumbani, pamoja na dawa za presha na mazoezi mliyoelekezwa hospitali, mtafutie nyimbo. Nyimbo zake yeye, si zako. Baba yangu, mstaafu wa reli hapa Tabora, alipigwa upande wa kulia: mkono na mguu vikalegea, maneno yakakatika. Muziki umemsaidia kuliko nilivyotarajia kutoka kwa kitu ambacho hakituletei bili.

Kwanza tuelewane. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukaishiwa nguvu au ulimi ukawa mzito, hakuna wimbo wala mafuta ya kuchua. Mkimbize mgonjwa hospitali saa hiyohiyo. Ninayoyasema hapa ni ya baadaye, ile miezi mirefu ambayo wageni wamepungua na mgonjwa anashinda akitazama ukuta.

Kwa watu wengi, upande wa kushoto wa ubongo ndio unaobeba kazi kubwa ya lugha, na upande huohuo ndio unaoamuru mkono na mguu wa kulia. Kwa hiyo kiharusi cha huko huchukua vyote kwa mpigo mmoja. Kuimba kunatumia pande zote mbili, na upande wa kulia una kazi kubwa kwenye tuni. Ndiyo maana mtu aliyeshindwa kuomba maji anaweza kuimba ubeti mzima. Jioni moja tulikuwa tumeweka zilipendwa, dansi la bendi za hapahapa, na kiitikio kilipofika Baba akaingia nacho, maneno yamenyooka kabisa. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, hakuamini.

Ila kuimba wimbo anaoujua si sawa na kuongea, na hapo ndipo familia nyingi huishia. Kuna hatua ya pili. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, walieleza njia ya kumrudisha mgonjwa kwenye maneno kupitia tuni. Unachukua sentensi fupi inayohitajika kila siku, unaiimba kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, polepole, huku ukigongesha mkono wake wa kushoto mezani kwa kila silabi: na-o-mba ma-ji. Kwanza unaimba peke yako. Kisha mnaimba pamoja. Kisha unanyamaza katikati ili amalizie mwenyewe. Mwisho unamuuliza, "Baba, unataka nini?" naye anajibu, tuni ikiwa imebaki kidogo tu. Muwe na subira. Sentensi ya pili kwetu ilikuwa "nipeleke nje", kwa sababu alitamani kukaa chini ya mwembe. Kama hospitali yenu ina mtaalamu wa matamshi, mwombe awaonyeshe. Kama hayupo, jaribuni kwa upole, na akichoka acheni.

Kwenye kutembea ndiko nilikoona mabadiliko ya wazi zaidi. Sehemu za ubongo zinazosikia mdundo zimeunganishwa kwa karibu na zile zinazopanga mwendo, kiasi kwamba ukikaa kimya unasikiliza ngoma, ubongo tayari unajiandaa kucheza. Mguu unaogonga sakafu wenyewe unatokana na hapo. Sisi wa Unyamwezi tusishangae. Wapagazi waliobeba mizigo ya kilo 30 hivi kutoka huku hadi pwani walitembea kwa nyimbo, na mashambani watu walilima kwa kufuatana na ngoma, majembe yakishuka pamoja. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa mazoezi ya viungo wamekuwa wakitumia jambo hilohilo kwa wagonjwa wa kiharusi: mdundo usiobadilika unampa mguu dhaifu saa ya kukanyaga.

Fanya hivi. Mgonjwa akiwa tayari ameruhusiwa kutembea, hesabu hatua zake kwa dakika moja anapotembea kawaida. Tafuta mdundo wa kasi hiyohiyo, sio wa haraka. Sisi tulitumia kopo la maziwa na kijiti, mdogo wangu akigonga, mimi nikiwa upande wa kulia nimeshika mkanda wa suruali ya Baba asije akaanguka. Hatua zikishakuwa sawasawa, ongezeni kasi kidogo sana, na mkiona anaburuza mguu rudini mlikotoka. Singeli iacheni kwa vijana.

Sasa, kwa nini nasisitiza nyimbo zake? Mwaka 2008 watafiti wa Helsinki, Finland, walichapisha matokeo ya wagonjwa 60 waliotoka kupata kiharusi. Wapo waliosikiliza kila siku muziki walioupenda wenyewe, wapo waliosikiliza vitabu vya sauti, na wapo ambao hawakupewa chochote, kwa miezi miwili. Kundi la muziki ndilo lililopiga hatua zaidi kwenye kukumbuka maneno na kutuliza mawazo mahali pamoja, na huzuni yao ilikuwa ndogo kuliko ya waliokosa vyote. Mwaka 2011 wenzao wa Montreal, Kanada, walionyesha kwamba wimbo mtu anaoupenda humwaga dopamini, ile kemikali ya raha na hamu, kwenye ubongo, na humwaga hata kabla ya ile sehemu tamu kufika. Baba huinua kidole kabla gitaa la solo halijaingia. Anausubiri utamu wake, na kwa mtu aliyekata tamaa, kusubiri kitu ni hatua kubwa.

Nyimbo zinazoshika zaidi ni za ujana, tuseme kati ya miaka 10 na 30. Kwa wazee wa Tabora hapo unaongelea Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids, kwaya ya kanisani au kaswida za madrasa. Mpelekee kijana wa kibanda cha kuweka nyimbo kwenye memori kadi majina ya bendi, atazipata.

Mgonjwa akilia, usikimbilie kuzima. Kiharusi chenyewe kinaweza kulegeza machozi, na machozi mengine ni ya kumbukumbu nzuri. Muulize kwa ishara kama wimbo uendelee. Wimbo wa msibani tuliuondoa, huo haukuwa na faida. Redio isilie kutwa nzima pia. Utafiti mmoja wa Italia, wa mwaka 2006, uliona kwamba muziki wa kasi hupandisha mapigo ya moyo na pumzi, na dakika mbili za ukimya katikati ya nyimbo zikawatuliza watu kuliko hata muziki wenyewe wa polepole. Sisi tunaweka asubuhi wakati wa mazoezi na jioni baada ya chakula, sauti ya kiasi cha kuongea bila kupaza.

Na kama wazazi wako wazima, waulize nyimbo zao leo, wakiwa na kauli. Mama nimemuuliza juzi. Kataja kaswida tatu, taarabu moja aliyochezewa harusini, na wimbo wa unyago aliokataa kuniimbia kwa kuwa mimi ni mwanaume, kwa hiyo huo ataurekodi dada.