Jibu: Unga au pesa kwa familia za mtaa wa Kisumu Ndogo, Malindi?
Ndugu yangu, umeuliza: janga kama la korona likirudi, tuwachangie watu unga au pesa? Mimi nasema pesa. Malindi ya 2020 naikumbuka vizuri. Watalii Waitaliano waliondoka, hoteli zikafungwa, na Aprili watu wakakatazwa kuingia au kutoka kaunti yetu ya Kilifi. Huko Kisumu Ndogo unga ulifika kwenye nyumba zisizo na makaa wala maji, na jirani yangu mmoja akauza nusu ya wake apate mitungi miwili ya maji. Iliniuma sana. Pesa ingemfaa zaidi, tena kutuma chini ya shilingi 1,000 kwa M-Pesa kulikuwa bure wakati huo. Ila wazee wasio na simu, tafadhali, wafuateni mlangoni mkiwa na mzee wa mtaa.