Ukuta kwa Kijerumani: Wand, Mauer au Wall?

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini ticha kakukosesha ulipoandika picha imetundikwa kwenye Mauer wakati kamusi inasema wall ni Mauer. Shida ni kwamba wall ya Kiingereza inabeba kila kitu kama ukuta wetu, Wajerumani wao wamegawa. Wand ndo ule wa chumbani, unaoupaka rangi na kupigilia msumari, kwa hiyo andika an der Wand. Mauer ni ule mnene wa mawe, matofali au zege unaosimama nje wenyewe, kama ule wa Berlin uliojengwa 1961 ukafunguliwa 1989, ndo maana wanauita Berliner Mauer. Mi lilinikaa nilipojua Wand linatokana na kusuka, zamani kuta zao zilikuwa fito zimesukwa zikakandikwa udongo, yaani kama nyumba zetu za kijijini kabisa, halafu Mauer wakalitoa kwa Warumi waliokuja na ujenzi wa mawe. Ila kuwa makini sana na Wall ya Kijerumani, inaandikwa vilevile lakini ni tuta kubwa la udongo la kuzuia adui, usije ukasema umeegemea Wall sebuleni. Genge la mwamba nalo ni Wand, Felswand. Shika na wingi wake mapema: Wände, Mauern, Wälle.