Uvimbe kwenye ini: MRI ya dawa inajuaje kama ni kansa?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni mwanamke wa miaka 34, nilienda kupiga ultrasaundi wakitafuta mawe kwenye nyongo, mawe hayakuonekana ila wakakuta uvimbe wa sentimita 3 kwenye ini. Siumwi popote, pombe sinywi, homa ya ini B na C nimepima sina. Nimeambiwa nikapige MRI ya kuchomwa dawa na tangu siku hiyo silali, nawaza wanangu nitamwachia nani. Hiyo dawa inaonyesha nini ambacho ultrasaundi imeshindwa? Na si wanikate kinyama tu wapime tujue moja?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Kuna kitu ulitakiwa uambiwe siku ileile: uvimbe uliokutwa kwa bahati kwenye ini la mtu ambaye hana homa ya ini, hana makovu ya ini na hajawahi kuugua kansa sehemu nyingine, mara nyingi sana huwa sio kansa. Unaoongoza kwa kuonekana ni hemanjioma, yaani fundo la mishipa ya damu, na wapo watu wengi wanaishi nalo mpaka uzeeni bila kujua.

Sasa dawa. Ini linaletewa damu kwa njia mbili, karibu robo tatu inatoka kwenye mshipa mkubwa unaokusanya damu ya utumbo na iliyobaki inaletwa na ateri, na kansa inayoanzia kwenye ini yenyewe inajiotea mishipa yake kutoka kwenye ateri. Hiyo tofauti ndo tunayoitumia. Unachomwa dawa yenye gadolini kwenye mshipa wa mkono, halafu unapigwa picha kabla ya dawa, unapigwa tena kwenye sekunde 20 mpaka 35 hivi dawa ikiwa bado iko kwenye ateri, unapigwa tena kwenye sekunde 60 na kitu ikishaingia na kwa ule mshipa wa utumbo, na tena dakika 3 hadi 5 baadaye. Tunaangalia uvimbe unaipokea dawa saa ngapi na unaiachia saa ngapi, kitu ambacho ultrasaundi ya kawaida haiwezi kukuonyesha kwa sababu yenyewe inaona umbo tu. Ukiambiwa ubane pumzi ubane kweli, maana picha ya ateri ikichezacheza hapo ushahidi mkubwa umepotea na hairudiwi bila kuchomwa dawa tena.

Hemanjioma kwanza inang'aa sana kwenye zile picha zinazoonyesha maji, halafu dawa inaanzia pembeni kwa mabaka madogo madogo, inasogea taratibu kuelekea katikati na ikishaingia haitoki haraka. Ikionekana hivyo kazi imeisha, hakuna haja ya sindano.

Kwa umri wako kuna uvimbe wa aina nyingine mbili unaosumbua. Mmoja unaitwa FNH, ni nundu iliyoota kwa chembe za kawaida za ini, mara nyingi ina kovu katikati, na hauna madhara. Wa pili ni adenoma, nao ni uvimbe wa chembe za ini ambao kwa kawaida sio kansa, ila huu una uhusiano na vidonge vya uzazi wa mpango na unahitaji umakini. Shida ni kwamba yote miwili inawaka kwenye picha ya ateri, ndo maana kuna dawa nyingine ya MRI, gadoksetiki, ambayo karibu nusu yake inanyonywa na chembe za ini na kutolewa kwenye nyongo. Ukipigwa picha dakika 20 baadaye FNH inakuwa bado imeishikilia, inang'aa sawa na ini au zaidi, wakati adenoma nyingi zinabaki nyeusi. Nimesema nyingi, sio zote, kwahiyo hapo kwenye utata kinyama kinaweza kuhitajika, ila sio kitu cha kukimbilia kwanza maana sindano kwenye uvimbe wa damu inaweza kumwagisha damu.

Kwenye barua yako hujasema kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango. Mwambie daktari wako hata asipokuuliza, maana ikiwa ni adenoma kwa mwanamke kawaida anashauriwa kuviacha na kurudia picha baada ya miezi 6, na ikizidi sentimita 5 au ikiendelea kukua ndo upasuaji unazungumzwa. Mwambie pia kama una tatizo la figo, una ujauzito au una chuma chochote mwilini.

SWALI: Dokta, baba ana miaka 61, ana homa ya ini B ya siku nyingi na ini limeshaingia makovu. MRI imeona uvimbe wa sentimita 2.6, ripoti imeandika LI-RADS 5 na daktari anasema ni kansa tuanze matibabu. Kinyama hajachukuliwa, na kipimo cha damu cha AFP ni kawaida kabisa! Ndugu wanasema tunabambikiwa ugonjwa. Mtu anaambiwaje ana kansa kwa picha?

JIBU: Pole kaka, na mna haki ya kuuliza. LI-RADS ni utaratibu wa Chuo cha Madaktari wa Radiolojia cha Marekani, unapanga uvimbe kuanzia 1 ambao hakika sio kansa mpaka 5 ambao hakika ni kansa ya ini. Kwa uvimbe wa sentimita 2 na kuendelea kupata 5 lazima uwake kwenye picha ya ateri, sio ukingoni tu, na juu ya hapo uonyeshe angalau dalili moja kati ya hizi: kufifia kuliko ini kwenye picha zinazofuata, kuwa na ganda linalouzunguka, au kukua kwa nusu ya ukubwa wake au zaidi ndani ya miezi 6.

Lakini utaratibu huu ni wa watu wa hatari kubwa tu, wenye makovu ya ini au homa ya ini B sugu kama baba. Kwao alama hizo zinatosha. Yule dada wa juu akiletewa picha hiyohiyo mimi siwezi kukubali aitwe mgonjwa wa kansa bila kinyama, na ndo sababu nimeziweka barua zenu pamoja, historia ya ini inasomwa pamoja na picha. Ripoti ingesema 3 au 4, au LR-M (yaani inaelekea ni kansa ila sio lazima iwe ile inayoanzia kwenye chembe za ini), mngekuwa na mjadala mwingine kabisa.

AFP isiwafariji, kansa nyingi za ini hasa zikiwa ndogo haziipandishi. Mkiwa na shaka chukueni picha zenyewe kwenye CD, sio karatasi ya ripoti tu, zisomwe na radiolojisti mwingine mzoefu wa ini, lakini iwe ndani ya siku chache. Uvimbe mmoja wa sentimita 2.6 bado uko kwenye ukubwa ambao kuukata, kuuchoma kwa joto au kupandikiza ini vinaweza kuponya, inategemea ini lililobaki lina nguvu kiasi gani, na miezi ya kubishana na ndugu inaweza kuifunga hiyo nafasi.

Na nyie watoto wake wote mpime homa ya ini B. Asiye nayo achanjwe, aliye nayo amuulize daktari aanze lini kupigwa ultrasaundi ya kila miezi 6.